Sura ya 5: Je, Lazima Kila Mtu Awe na Miiko?

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga ikiwa imebana na mahindi yakiingia mjini kwa malori, swali hili husikika kwenye kila kijiwe: "Kwani lazima mtu awe na maadili? Mbona fulani hana hata chembe na mambo yake yanamnyookea?" Wanaouliza si wahuni. Ni dereva wa bodaboda, ni mkulima aliyeuza magunia yake jana na bado anauguza bei, ni mwalimu anayesubiri Hiace ijae. Wengine huuliza kwa upole zaidi: mtu asiyeshika sana dini, na mila za wazee wake hazijui vizuri, anahitaji kujiwekea kanuni zake mwenyewe, au inatosha kuufuata moyo?

Kwanza tuelewane maneno. Maadili ni mwenendo ambao watu wanaoishi pamoja wanautarajia kwa kila mwenzao. Miiko ni ile sehemu ya maadili inayokataza: hili halifanywi, hata kama hakuna askari wala shahidi. Dhamiri ni hukumu ya ndani inayomsuta mtu akiwa peke yake. Katika sura hii nitashughulika zaidi na miiko, kwa sababu ndiyo inayouma. Kusifu wema ni rahisi. Kazi iko kwenye kujinyima.

Jibu langu nalitoa mapema. Sijapata kumwona mtu asiye na miiko kabisa. Dalali anayempunja mkulima kwenye kipimo hawezi kupita mbele ya mama mkwe wake bila kusalimia, wala hawezi kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Anayo miiko, tena anaishika sana. Kinachotofautisha watu ni mambo mawili: nani anaweza kuwauliza wanapoivunja, na nani hakuhesabiwa tangu mwanzo. Ufipa inatusaidia kuyaona yote mawili.

Nchi iliyoacha vita

Najua utani wenyewe. Mtanzania wa Dar es Salaam akisikia Sumbawanga anawaza radi na ungo. Tutafika huko kwenye uchawi, lakini kuna habari ya Ufipa ambayo haitaniwi kwa sababu haijulikani, nayo inafaa kutangulia.

Uwanda wa Ufipa uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliufikia baada ya safari ya miaka mingi kutoka kusini mwa Afrika, na Zwangendaba mwenyewe alifia hukuhuku Ufipa, takriban mwaka 1848. Wenyeji walionja mikuki. Hata wao kwa wao hawakuwa salama, kwani falme za Nkansi na Lyangalile, zote mbili za ukoo wa kitawala wa Watwa, ziligombana. (Watwa hawa wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo; ni jina tu limefanana.)

Sasa ruka hadi mwaka 1880. Joseph Thomson, kijana Mskoti aliyekuwa akizunguka maziwa makuu, alipita Ufipa na kukuta watu ambao kazi yao ni jembe, wasio na pupa ya vita, tofauti na nchi nyingi alizozipitia zilizokuwa zikitafunwa na biashara ya watumwa. Chini ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu Wangoni. Kumetokea nini hapo katikati?

Aliyelikalia swali hilo kwa muda mrefu ni Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, yaani mtaalamu anayekwenda kuishi na watu ili ajifunze maisha yao kutoka ndani. Aliishi Ufipa miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu ya Wafipa. Kwa maelezo yake, amani haikuletwa na mhubiri wala na askari wa Kizungu, maana wote hao walikuwa hawajashika nchi. Ilikua ndani ya kazi, biashara na mazungumzo. Watu walifika mahali ambapo kila mmoja alimhitaji mwenzake kiasi kwamba kupigana kulikuwa hasara ya wazi.

Tazama shamba la Kifipa lenyewe. Mkulima wa uwandani alilima kwa matuta ya mviringo: nyasi zinakusanywa, udongo wenye mizizi unapinduliwa juu yake, zinaozea humo ndani na kuwa mbolea, kisha tuta linasambazwa na kupandwa ulezi. Ni kazi nzito ya jembe la mkono, na mtu mmoja akiifanya peke yake msimu utampita. Kwa hiyo aliwaita wenzake. Mke alipika pombe ya ulezi siku kadhaa kabla, watu wakaja alfajiri, wakalima, na jioni wakakaa kuinywa. Hapakuwa na mkataba. Lakini aliyekunywa kwa watu watatu bila kuwaita wala kwenda kwa wa nne, kila mtu alijua. Mwiko wa kutokula jasho la wenzako uliishi humo, kwenye tuta na kwenye chungu cha pombe.

Watoto nao hawakufundishwa kwa mahubiri. Mtoto wa Kifipa akishapata akili kidogo aliacha kulala nyumbani kwa wazazi. Alikwenda kwa bibi na babu, baadaye kwenye nyumba ya vijana wenzake, na huko usiku ndiko alikosikia hadithi na vitendawili, ndiko alikotaniwa kwa uchoyo na ndiko alikozomewa kwa uongo. Wamisionari wa Kikatoliki waitwao White Fathers, waliokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885 na kuusambaza Ukatoliki Ufipa yote, waliligundua hili haraka. Bweni la shule ya misheni lilikuja kushika nafasi ya nyumba ile ya usiku, pamoja na Amri Kumi zake. Mmisionari mwerevu alijua kwamba anayeshika usiku wa mtoto ameshika na mwenendo wake.

Chuma hakijui nani kalala wapi

Kuna miiko ya aina nyingine, nayo inahitaji kuangaliwa kwa karibu kwa sababu inachanganya watu.

Wafipa walikuwa wayeyushaji chuma hodari. Tanuru lao liliitwa ilungu, yakiwa mengi malungu: mnara wa udongo wenye urefu wa kama mita 3, mpana chini na mwembamba juu, wenye matundu kuzunguka kitako. Halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa chini, moto ukaivuta juu, na mawe ya chuma yaliyopangwa pamoja na makaa yakaiva kwa siku kadhaa. Donge lililotoka lilipelekwa kwenye tanuru dogo la pili, hili sasa lenye mivukuto, likasafishwa ndipo likafuliwa majembe. Kazi hii iliendelea mpaka kama miaka ya 1930, majembe ya dukani yalipoizima. Baadhi ya minara hiyo bado imesimama porini.

Kwa muda wote wa kuyeyusha, wafanyakazi walikaa kambini mbali na kijiji, na mwiko mkubwa ulikuwa kutolala na mwanamke. Fundi mkuu ndiye aliyeziongoza dawa na ndiye aliyeulinda mwiko. Chuma kikikataa kutoka, swali la kwanza lilikuwa: nani ameharibu?

Msomaji wa leo atacheka. Joto la tanuru linategemea makaa, mawe na upepo. Halina habari na kitanda cha mtu. Ni kweli. Lakini hesabu kilichomo ndani ya mnara ule: wiki nyingi za kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma makaa, kujenga. Usiku mmoja wa kutoroka kwenda kijijini ni usiku moto ulipokosa mtu wa kuutazama. Mwiko uliwabakiza watu kazini, ukawafanya wawe na macho juu ya mwenzao, na kila mmoja akajua kwamba jasho la wote liko mikononi mwake.

Upande wa pili wa mwiko huohuo si mzuri. Mawe yakiwa mabovu, au mvua ikinyesha, bado kulitafutwa mtu. Kosa la udongo likawa kosa la fulani. Hilo tuliweke akiba, tutalirudia.

Ndoo ya lita 20

Tutoke kwenye chuma, tuje kwenye mahindi, ambayo ndiyo uhai wa Rukwa ya leo.

Mkulima wa kijijini kwa kawaida hana mzani. Mnunuzi anakuja na ndoo ya plastiki ya lita 20, ile inayoitwa debe. Iangalie vizuri kabla hajaijaza. Ndoo iliyopitishwa kwenye moto na kutanuliwa ina tumbo. Kuta zake hazijanyooka kama zilivyotoka kiwandani, na ukiiweka kando ya ndoo mpya unaona. Kila ndoo inamwagwa na kilima juu, wala hakuna anayekipangusa. Halafu gunia. Gunia la kilo 100 hukadiriwa debe 6. Likishajaa, kinaongezwa kilemba juu ya mdomo na kushonwa kwa kamba hadi gunia linakuwa na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima ameuza gunia 1, ametoa mahindi ya gunia 1 na ziada.

Sheria ya Vipimo iko wazi: mazao yauzwe kwa vipimo halali, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanapita, viongozi wanapiga marufuku karibu kila mwaka, na lumbesa inarudi kila mavuno.

Ukimuuliza mnunuzi huyo kama ana maadili atashangaa. "Nimelipa bei tuliyokubaliana, tena taslimu. Sikumlazimisha mtu." Na kwa kipimo chake mwenyewe yuko sawa. Amerudisha mkopo wa watu kwa wakati, amemlipa mpagazi na amemtumia mama yake pesa ya dawa. Miiko yake yote imetimia. Mkulima ndiye hayumo. Mnunuzi hajui mkulima anaishi wapi, hatamwona tena hadi mwakani, na watoto wao hawasomi pamoja. Kwa yule aliyekuja kulima tuta la jirani mwaka 1880, udanganyifu wa namna hii usingemaliza wiki. Jioni angekaa na watu haohao kwenye chungu kimoja.

Ndiyo maana siwaamini sana wanaosema tatizo la siku hizi ni vijana kukosa hofu ya Mungu. Wanunuzi wengi wa lumbesa Jumapili wako kanisani, na Ijumaa wengine wako msikitini. Hofu wanayo. Soko limekuwa kubwa kuliko kijiji, na wenye macho wamebaki kijijini.

Kwa ufupi mpaka hapa

Kila mtu ana miiko. Miiko hushikwa pale ambapo anayeumia anaweza kuuliza. Pale asipoweza, hata mtu mwema humpunja na kulala vizuri.

Daftari la Philadelphia, na nyumba ya kupangisha

Wapo wanaosema dawa ni kila mtu kujiandikia kanuni zake na kujipima mwenyewe. Aliyejaribu hilo kwa bidii kuliko wengi ni Benjamin Franklin, mchapaji wa magazeti wa Philadelphia katika karne ya 18, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Marekani. Akiwa kijana aliorodhesha tabia njema 13: kiasi, ukimya, utaratibu, bidii, haki na nyingine. Akatengeneza kijitabu chenye jedwali, na kila jioni akaweka alama nyeusi mahali alipoteleza. Mwenyewe alikiri kwamba utaratibu ulimshinda.

Wakati huohuo Franklin alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Neno haki lilikuwamo kwenye orodha, lakini mtumwa hakuwa na ruhusa ya kushika kalamu na kutia alama nyeusi kwenye lile daftari. Ilimchukua Franklin miaka mingi, na kelele za watu wengine, mpaka mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka 81, akakubali kuwa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Simdharau. Wengi hawafiki hata hapo. Ila daftari lake halikumfikisha. Watu ndio waliomfikisha.

Linganisha na jaribio letu wenyewe. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi, ambayo watu waliyaita miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Unaweza kubishana na siasa yake, na wengi wamebishana. Mimi navutiwa na jinsi ilivyoandikwa. Haikusema kiongozi awe mwadilifu. Ilitaja vitu ambavyo mkulima asiyejua kusoma anaweza kuviona akipita barabarani. Nyumba ile ya bati jipya ni ya nani, na nani anakusanya kodi? Mwaka 1991, kwenye kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili kila mwaka. Fomu inajazwa. Mkulima wa barabarani ameondolewa kwenye kuuliza, na sidhani fomu imeziba nafasi yake.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama kanuni zako zina uzito, zipitishe kwenye maswali haya:

- Kuna mtu, mwenye jina, anayeweza kuniuliza bila kuniogopa?
- Nikizivunja, kitaonekana nini, na wapi?
- Ni nani ambaye simhesabu? Mnunuzi wa mbali, kibarua, mtumishi wa ndani, mfugaji aliyehamia juzi?

Swali la tatu ndilo linalokwepwa zaidi. Hata jamii nzima inaweza kulikwepa.

Kamchape

Nilisema tutarudi kwenye uchawi.

Miaka ya 1930 vijana waliojiita wachape walitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, wakivuka kijiji hadi kijiji na dawa ya kuondoa uchawi. Watu walipangwa mstari, wachawi "wakatambuliwa" kwa kioo, wakanyweshwa dawa na kutakiwa kutupa pembe na hirizi zao. Wachape walifika mpaka Ufipa. Baada ya Uhuru, mwaka 1963 na 1964, likaja wimbi jingine lililoitwa Kamchape, na Roy Willis alikuwapo akilishuhudia. Aliona kwamba waliokuwa wakiendesha shughuli ni vijana, na walionyooshewa kidole wengi walikuwa watu wazima wenye nafasi kijijini. Ugomvi wa rika ulivishwa nguo ya dawa. Kamchape hawajaisha, Rukwa, Katavi na Kigoma wanawajua hadi leo, na sehemu nyingine wanaitwa lambalamba. Kila kaya inachangishwa pesa, wanaingia nyumba hadi nyumba, wanachimba uani, wanatoa kitu, na jina linatajwa.

Inawezekanaje hili kutokea kwa watu walewale waliojenga amani kwenye matuta ya ulezi? Jibu langu litawaudhi wengine: limetoka kwenye chungu kilekile. Pale ambapo mtu mwema ni yule anayekuja, anayeongea, anayekula na wenzake, basi anayekaa kimya anakuwa na la kujibu. Anayekula peke yake anaficha nini? Mjane anayeishi pembeni, haji kwenye pombe kwa sababu miguu imekataa, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50: maadili ya ujirani hayamlindi tena, yanamshtaki. Mtoto akifa kwa malaria, mvua ikigoma, chuma kisipotoka, swali ni lile la kambini: nani ameharibu? Na mara hii fundi mkuu ni kijana mgeni aliyelipwa, ambaye kesho yuko wilaya nyingine.

Angalia pia nani anaweza kumuuliza huyo kamchape. Hakuna. Ametengwa na kila jicho, sawasawa na mwenye ndoo iliyotanuliwa. Kijiji chenye macho makali kwa bibi wa pembeni hakina hata jina kamili la mtu wanayemlipa.

Wapo watakaosema basi tuziache hizi mila zote, kila mtu abaki na dhamiri yake. Sikubali. Dhamiri ya mtu mmojammoja ndiyo ile ya Franklin, na ilikawia. Tunachohitaji ni mwiko mmoja wa ziada ambao matuta ya ulezi hayakuwa nao: mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo hawezi kulijibu. Shutuma ya wizi unaweza kuijibu, kwa shahidi, kwa risiti, kwa kusema ulikuwa wapi. Shutuma ya uchawi haina jibu, kwa maana kila unachosema kinaongeza ushahidi. Shutuma ya namna hiyo isipewe nafasi barazani, hata mtoaji akiwa mwanao.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iko vitabuni tangu mwaka 1928, na inamtia hatiani mtu anayejidai ana nguvu za uchawi. Polisi wamekuwa wakiwakamata wapiga ramli chonganishi. Lakini polisi hufika baada ya jina kutajwa, na saa nyingine baada ya nyumba kuchomwa. Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao cha kuchangia kamchape, Nkasi, Kalambo, Laela au popote ulipo, usitoe hata shilingi, na siku hiyohiyo peleka taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, kabla hawajaingia uani kwa mtu.